Mkono Ulioumia Siku ya Kuzaliwa: Mtu Mzima Apasuliwe au Asipasuliwe?

Katika kambi yetu yumo fundi wa cherehani ambaye sidhani kama kuna ofisa au askari asiyemfahamu. Yeye ni raia, umri wake ni miaka 34, na ni mwana wa sajini mstaafu aliyehudumu katika kambi hii hii. Kila inapokaribia siku ya gwaride kubwa kibanda chake hujaa suruali za kufupishwa, makoti ya kubanwa viunoni na vyeo vya kushonewa mabegani, naye huifanya kazi hiyo usiku na mchana bila ya kulalamika.

Jioni moja nilikwenda kuchukua koti langu, nikamkuta kuruta mmoja amesimama mlangoni akimfanyia mzaha. Kijana yule alimpigia saluti ya nguvu, kisha akamwuliza, "Fundi, mbona huirudishi?" Fundi akacheka, akaacha cherehani, akauinua mkono wake wa kulia. Kiwiko ndicho kilichotangulia kupaa, kikaenda juu na kando kama cha mtu apulizaye tarumbeta, lakini kiganja kiliishia karibu na kidevu. Hakikufika kwenye paji la uso. Kuruta alipoona hivyo alishikwa na haya, akaaga na kwenda zake.

Tulipobaki wawili, Fundi aliniambia maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. "Afande," alisema, "wiki iliyopita nilikwenda kwa daktari wa mifupa kwa sababu ya maumivu ya bega. Ameniambia kwamba mkono huu unaweza kupasuliwa, nami nitaweza kuufikisha kichwani. Amenipa miezi miwili nifikiri. Mama yangu anataka nipasuliwe hata kesho. Mke wangu hataki kusikia. Mimi mwenyewe sijui nishike lipi."

Nilikaa kimya, kwa maana sikuwa na jawabu. Tangu siku ile nimewauliza madaktari wetu wa jeshi, nimesoma, na nimezungumza na watu wenye mikono ya namna hiyo. Nayaandika niliyoyapata, kwa kuwa najua kwamba katika nyumba za askari na polisi Fundi hayuko peke yake.

JERAHA LENYEWE

Watu wengi wamwonapo Fundi hudhani kwamba aliugua ugonjwa wa kupooza utotoni au alianguka mtini. Ukweli ni kwamba aliumia saa ile ile aliyozaliwa. Pale shingoni, kwenye uti wa mgongo, hutoka mizizi mitano ya mishipa ya fahamu. Mizizi hiyo huungana, hupita nyuma ya mfupa wa mtulinga, huingia kwapani na kutawanyika mkononi hadi vidoleni. Kwetu sisi askari ni rahisi kuifahamu: hizo ni nyaya za simu zipelekazo amri kutoka makao makuu, yaani ubongo, hadi kwenye misuli iliyo mstari wa mbele.

Mtoto anapozaliwa, kichwa kikiwa kimekwisha toka na bega likakwama nyuma ya mfupa wa mbele wa nyonga ya mama, shingo huvutika upande mmoja. Nyaya zile huweza kunyooshwa kupita kiasi, kuchanika, au hata kung'oka kabisa kwenye uti wa mgongo. Watoto wenye miili mikubwa, na wale ambao mama zao wana ugonjwa wa kisukari, wamo katika hatari zaidi. Wale wanaotanguliza matako nao huweza kuumia. Jambo hili hutokea hata mikononi mwa wakunga hodari, tena si laana, wala si adhabu, wala si kosa la mama. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu mama yake Fundi amebeba moyoni mzigo wa kujilaumu kwa miaka 34, na hamu yake ya kumwona mwanawe akipasuliwa inatoka katika mzigo huo.

Mganga wa Kifaransa aitwaye Duchenne aliliandika jeraha hili mwaka 1872, na Mjerumani Wilhelm Erb akalieleza kwa undani zaidi mwaka 1874. Ndiyo sababu madaktari hulitaja kwa jina la Erb hadi leo. Mara nyingi mizizi miwili ya juu ndiyo inayoumia. Watoto walio wengi hupona katika wiki au miezi ya mwanzo. Wale wasiopona sawasawa hukua na mkono mfupi kuliko mwenzake, uliogeukia ndani, wenye kiwiko kisichonyooka vema na bega lisiloweza kuupeleka mkono nje na juu. Ndiyo maana kiwiko cha Fundi hupaa kwanza: bega likikataa kugeuka, kiwiko hutafuta njia ya kuzunguka.

MKONO WA KAISARI

Katika historia yuko mwanajeshi mmoja mashuhuri aliyekuwa na jeraha hili, na kisa chake kina mafunzo. Huyo ni Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Ujerumani kuanzia mwaka 1888 hadi 1918, ambaye katika enzi yake Wajerumani walizitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi. Alizaliwa Berlin tarehe 27 Januari 1859, naye alitanguliza matako. Mama yake, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza, alikuwa na umri wa miaka 18. Mkono wa kushoto wa mtoto ulitoka umelegea, na hata alipokuwa mtu mzima ulikuwa mfupi kuliko wa kulia kwa kadiri ya sentimita 15.

Waganga wa jumba la kifalme hawakuacha kitu. Mkono ule ulivishwa mwili wa sungura aliyechinjwa wakati ule ule, kwa imani kwamba joto na nguvu za mnyama zingeingia ndani yake. Mkono wake wa kulia, uliokuwa mzima, ulifungwa ili ule wa kushoto ulazimike kufanya kazi. Alitiwa umeme, akafungwa katika mtambo wa kunyoosha shingo, na misuli ya shingo yake ikakatwa. Alipofundishwa kupanda farasi alianguka mara nyingi, na kila alipoanguka alirudishwa juu huku akilia. Mwishowe alikuwa mpanda farasi, lakini mkono haukupona. Katika picha zake utauona umelazwa juu ya upanga au umeshika glavu. Kwenye rupia za fedha za koloni lake la Afrika ya Mashariki alionekana uso na kofia ya chuma yenye tai; mkono haukuwamo.

Ninalotaka msomaji alikumbuke ni hili: mtoto yule hakuulizwa lolote. Waliomzunguka waliona aibu kwamba mfalme wa taifa la kijeshi awe na mkono dhaifu, na aibu yao ndiyo iliyokuwa daktari. Fundi wetu ana bahati ambayo Kaisari hakuwa nayo. Yeye anaulizwa.

KISU KINAWEZA NINI, HAKIWEZI NINI

Jambo la kwanza ambalo mtu mzima hana budi kulikubali ni kwamba wakati wa kuziunga nyaya zenyewe umekwisha pita. Kuanzia miaka ya 1970 wapasuaji kama Alain Gilbert wa Paris walionyesha kwamba mishipa ya fahamu iliyochanika yaweza kuunganishwa, lakini kwa mtoto mchanga wa miezi michache. Msuli usiopata amri kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili hunyauka, ukageuka mafuta na makovu. Ukiunga waya baada ya miaka 34 utakuwa umepeleka simu kwenye kituo ambacho askari wake wote wamekwisha ondoka. Kwa hiyo yeyote atakayekuahidi kwamba atakurudishia mkono kama ule ambao ungezaliwa nao, muage kwa heshima uende zako.

Yanayobaki ni ya namna nyingine. Njia moja ni kuhamisha kano. Mpasuaji huchukua msuli wa mgongoni ulio na nguvu, ambao kazi yake ni kuuvuta mkono ndani, akaupachika mahali papya ili uuvute nje. Sever wa Boston alifungua njia mwaka 1918 kwa kuikata misuli iliyokaza, na L'Episcopo wa Brooklyn akaeleza uhamishaji huo mwaka 1934. Kazi hii hufaa zaidi kwa watoto, kwa sababu fundo la bega lao bado ni la mviringo. Kwa mtu mzima aliyekaa na mkono uliogeuka kwa miaka mingi, kichwa cha mfupa mara nyingi kimekwisha sogea nyuma na kikombe chake kimepoteza umbo, na hapo kano peke yake haitoshi.

Njia ya pili, ambayo ndiyo aliyoambiwa Fundi, ni kuukata mfupa wa juu wa mkono, kuugeuza upande wa chini kuelekea nje, na kuufunga kwa bamba la chuma na skrubu hadi uunge. Hapa pana siri ambayo wengi hawaambiwi, au huambiwa wasisikie. Upasuaji huu hauongezi kiasi cha mzunguko wa mkono, huuhamisha tu. Chukulia mlango unaofunguka nusu: ukizisogeza bawaba, mlango utafunguka zaidi upande mmoja na kupungua upande wa pili. Mkono utafika mdomoni, kichwani na shingoni kwa urahisi; lakini waweza kushindwa kufika tumboni, kiunoni, na nyuma ya mgongo.

Ziko njia nyingine kwa matatizo mengine. Kifundo cha mkono kinachoning'inia chaweza kugandishwa. Msuli wa paja waweza kuhamishiwa mkononi ili kukunja kiwiko kisichokunjika kabisa. Bega lililosagika na kuuma laweza kugandishwa, au kwa baadhi ya watu kuwekewa fundo la bandia. Lakini karibu kila njia ni biashara ya kubadilishana: unatoa kitu, unapata kitu. Na kila moja ina hatari zake: dawa ya usingizi, kidonda kuingia vijidudu, mfupa kukataa kuunga, na kuumizwa kwa mshipa mkubwa wa fahamu unaouzunguka mfupa ule wa juu. Baada ya hapo ni wiki kadhaa za kufungwa mkono, kisha miezi ya mazoezi. Mazoezi hayo si nyongeza. Asiyeyafanya ni kama aliyetwaa kilima akalala bila ya kuweka zamu.

MWALIMU NA UBAO WAKE

Sipendi msomaji afikiri kwamba ninampinga mpasuaji. Katika nyumba za polisi za mji mmoja nilikutana na mwalimu wa shule ya msingi, mke wa inspekta, ambaye mkono wake wa kulia uliumia vivyo hivyo alipozaliwa. Alikatwa mfupa na kugeuzwa mkono akiwa na miaka 28. Nilimwuliza kama anajuta.

"Sijuti," alinijibu. "Mimi kazi yangu ni ubaoni. Kabla ya hapo nilikuwa naandika huku nimeupinda mwili wote, na watoto wakicheka. Sasa naandika juu ya ubao nimesimama wima, na nywele zangu nachana mwenyewe. Lakini nisikufiche, Afande: gauni lenye vifungo vya mgongoni silivai tena mpaka mume wangu awe nyumbani. Nililiambiwa hilo kabla, nikalikubali."

Aliniambia pia kwamba miezi mitatu ya kwanza ilikuwa migumu kuliko alivyotazamia, kwa maana alikuwa na mtoto mdogo na hakuweza kumbeba. Dada yake alikuja kukaa naye. Lau asingekuja, alisema, angeshindwa kuyafanya mazoezi yake, na kazi yote ya daktari ingepotea.

MASWALI YA KUULIZA

Katika chuo cha maofisa tulifundishwa kwamba kabla ya kushambulia kilima, kamanda hujiuliza kwanza kilima kile ni cha nini. Akishakitwaa atakitumiaje, na kitamgharimu askari wangapi. Nadhani mtu mwenye mkono wa namna hii afanye vivyo hivyo, tena akiwa na karatasi na kalamu. Amwulize daktari wake mambo haya:

Kwanza, shabaha ni ipi hasa? Ni kupunguza maumivu, ni kuongeza kazi ya mkono, au ni sura tu? Upasuaji unaofaa kwa moja huenda usifae kwa lingine.

Pili, nitapoteza nini? Daktari aonyeshe kwa mkono wenyewe: je, nitaweza kuchomekea shati, kufunga mkanda, kujisafisha msalani, kula na familia kwenye sinia?

Tatu, umewapasua watu wazima wangapi wenye jeraha hili, si watoto, na je, naweza kuzungumza na mmoja wao?

Nne, picha za eksirei zinasema nini juu ya fundo la bega langu? Bila ya picha hapana shauri.

Tano, nitakaa bila ya kazi muda gani, na nani atakayeilisha nyumba?

Sita, nisipopasuliwa itakuwaje? Hili ndilo watu wanalolisahau. Kwa watu wazima wengi wenye jeraha hili adui anayekuja polepole ni maumivu, tena si katika mkono mbovu tu; bega, shingo na mkono mzima huchoka kwa kubeba kazi ya wawili. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aweza kupunguza sehemu kubwa ya maumivu hayo kwa kunyoosha, kuimarisha misuli, na kubadili namna ya kukaa na kufanya kazi. Mtu asione kwamba kutopasuliwa ni kukaa bure. Hiyo nayo ni tiba, na ina ratiba yake.

Hapa Uganda mahali pa kuanzia kuuliza ni idara ya mifupa ya Hospitali ya Taifa ya Mulago, au hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi katika njia ya Entebbe, ambayo kazi yake hasa ni kuwatibu watu wenye ulemavu wa viungo. Ni vema kusikia maneno ya madaktari wawili kabla ya kukubali maneno ya mmoja.

DAFTARI LA FUNDI

Nilimpelekea Fundi maswali hayo. Yeye ana daftari ambalo huandikia vipimo vya wateja. Alifungua kurasa mbili mpya: upande mmoja akaandika yale ambayo mkono wake unashindwa, upande wa pili yale unayoyafanya. Kwa wiki mbili aliandika kila jambo, hata la kuonea haya.

Ukurasa wa kushindwa ulikuwa na mambo tisa: kuchana nywele, kunyoa shavu la kulia, kutwaa kitu rafuni, na mengine ya namna hiyo. La mwisho lilikuwa saluti. Ukurasa wa pili ulijaa mpaka chini. Na hapo Fundi aligundua jambo ambalo katika miaka 15 ya kushona hakulifikiri: kwamba mkono uliogeukia ndani ndio hasa unaokaa juu ya meza ya cherehani, mbele ya tumbo lake, ukikiongoza kitambaa chini ya sindano. Kasoro yake ndiyo iliyokuwa imemfundisha kazi. Ukigeuzwa nje, je, utafika pale pale? Alirudi kwa daktari na cherehani ya mkono, akakaa nayo mbele yake akashona. Daktari alimtazama kwa muda mrefu, akaupima mkono tena, kisha akamwambia kwa ukweli kwamba hawezi kumwahidi.

Miezi miwili ilipotimia, Fundi alikataa kukatwa mfupa. Alikubali mazoezi mara mbili kwa wiki, akainua kiti chake na kushusha meza kama alivyoelekezwa, na daktari akampa siku ya kurudi baada ya mwaka ili bega lipigwe picha tena. Ikiwa fundo litazidi kusagika, shauri litafunguliwa upya.

Lililobaki lilikuwa mama yake. Fundi alikwenda kijijini, akakaa naye siku tatu. Alimweleza jinsi bega linavyokwama, na kwamba hata mtoto wa binti wa malkia aliumia mbele ya waganga wa kifalme. Bibi yule alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo sikuwa mimi?" Fundi akamwambia, "Hapana, Mama. Hukuwa wewe." Ananiambia kwamba tangu siku hiyo mama hajataja tena habari za kisu.

Nilimwuliza Fundi kama haioni hasara ile saluti. Alikuwa akinishonea kifungo, na hakuinua macho. "Afande," alisema, "saluti ningeipiga labda mara moja kwa mwaka, tena mimi si askari. Mkono wa kushonea nautumia kila siku, nao ndio unaosomesha watoto."

Ndugu askari na polisi, mwalimu alipasuliwa na alifanya vema. Fundi hakupasuliwa na naye alifanya vema. Kila mmoja alikijua kilima chake na bei yake kabla ya kuondoka. Ikiwa nyumbani kwako yuko ndugu, mke au mtoto mkubwa mwenye mkono wa namna hii, mpeleke akaonwe, kaa naye aulizapo maswali, msaidie nauli na muda. Lakini neno la mwisho mwachie yeye, kwa kuwa mkono ni wake.